Kwa Nini Shosho Anazunguka Mti

Mpendwa Wanjiru,

Hamjambo huko Nyeri? Sisi huku Adelphi, Amerika, tu wazima, na mjomba wako amepata kazi mji wa jirani, Laurel. Juzi kadi ya simu iliisha kabla sijakujibu swali lako: ni kweli, mimi shosho wako, bibi yako na mama wa kanisa, nauzunguka mti kila asubuhi.

Nilipofika Amerika nilimtunza Bwana Lin, mzee wa Kichina aliyewahi kufundisha kupigana kwa mtindo wa kwao. Tukiwa bustanini alinifundisha kwenda mbele kwa mstari, hatua na ngumi. Hilo nililipenda. Aliponiambia nizunguke mti nilikataa kabisa. Kwetu anayezunguka mugumo, mti mtakatifu wa wazee, anatambika!

"Basi umejifunza nusu," akasema, wala hakunilazimisha.

Siku moja aliinuka kutoka kitandani peke yake, akapepesuka. Nilimrukia moja kwa moja nikamdaka, lakini kasi yangu ikawa inatuangusha sote wawili. Yule mgonjwa wangu akanishika mkono, akageuza kiuno, tukazunguka kidogo kama watu wanaocheza dansi, tukajikuta tumeketi kitandani, wazima.

Akacheka. "Mstari umekufikisha kwangu. Duara limetuketisha."

Kesho yake nikauzunguka mti, huku nikiimba wimbo wa dini ili Mungu asinielewe vibaya.

Bwana Lin alishafariki. Kila nikimwinua mgonjwa mwingine na kumgeuza taratibu hadi kitini, naihisi mikono ya mzee huyo, nami nasema asante kwa Kikuyu. Nadhani anasikia.

Akubariki Mungu, mama.

Shosho wako