Watoto Kumi na Saba wa Mkoche Mmoja

Bagamoyo,
Alhamisi, saa tisa alasiri.

Kwako kaka yangu Ishaka,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka, na shikamoo ya pili mpe wifi yangu Zuleha, ingawa najua atasema leo nimekumbuka kumsalimia kwa sababu nina shida. Natumaini mgongo umetulia na ile dawa ya kuchua, na kwamba vumbi la malori hapo Chalinze halijakurudishia kifua. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haina raha, na ndiyo maana unaona karatasi badala ya simu. Tangu juzi nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimekuuliza habari za mvua, ukanijibu, nikakata. Kwa simu siwezi. Barua hii anakuletea Mwalimu Wahida, yule mwalimu wa taaluma wa shuleni kwangu, niliyekuja naye huku, kesho akipita kwenda kwao Morogoro. Isome peke yako kwanza, kaka, na uisome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Niko hapa mjini kwenye mkutano wa walimu wakuu. Tumekuja zaidi ya themanini, siku tatu, kujadili namna ya kuinua ufaulu wa wanafunzi. Tumejazwa kwenye ukumbi wa hoteli moja, kila mtu na kitambulisho shingoni na daftari jipya mkononi. Saa nne chai na sambusa, saa saba pilau, katikati maneno. Ungetuona ungecheka. Watu wazima wanaoogopwa na shule nzima wanagombea kiti kilicho karibu na feni.

Mimi sikuja kusikiliza tu, niliitwa niwe mfano. Mwaka juzi shule yangu ya Mkoche Mmoja ilikuwa ya tatu kutoka mkiani. Mwaka jana darasa la saba wamefaulu wote, asilimia mia, hakuna aliyebaki. Basi Jumanne asubuhi afisa elimu akanisimamisha mbele, akanisifu mpaka nikaona aibu, akanipa nusu saa nieleze tulifanyaje. Nikaeleza. Nikataja masomo ya alfajiri, uji wa shuleni, walimu kugawana watoto na kuwafuatilia mmoja mmoja. Yote hayo ni kweli, wallahi, tuliyafanya na yametutoa jasho. Makofi yakapigwa, nami nikarudi kwenye kiti changu nimevimba kichwa.

Ndipo akasimama Mwalimu Abdulazizi wa kule Mapinga. Ni mtu mzima, amebakiza miaka miwili kustaafu, na darasa lake la saba lina watoto mia moja na arobaini, maana watu wa Dar wananunua viwanja huko kila siku na wanahamia na watoto wao. Hakuwa na ubaya wowote. Aliomba nimfundishe. Alisema ametazama takwimu zangu na kuna jambo hajalielewa: darasa la sita nilikuwa na watoto hamsini na wanane, waliofanya mtihani la saba ni arobaini na mmoja. Akauliza kwa upole hao kumi na saba walikwenda wapi, kwa sababu yeye wa kwake hawaendi popote.

Kaka, kijasho chembamba kilinitoka na feni iko juu yangu. Nikasema wamehama, wazazi wao wamefuata vibarua vya mashambani. Akashukuru, akaandika kwenye daftari lake, akakaa. Mzee wa watu aliuandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri.

Wewe unawajua hao kumi na saba, maana mmoja wao ni wako. Hawakuhama. Niliwarudisha darasa la sita ili wasisajiliwe kwa mtihani wa taifa wakanishushia wastani. Nyumbani nilipeleka barua kwamba mtoto anahitaji kuimarishwa. Ulipoipata ya Mina ulikasirika sana. Mwezi wa tatu mwaka jana ukaja ukamchukua, na ukasema mbele ya walimu wangu wote kwamba kichwa cha huyu mtoto ni jiwe, heri akamsaidie mama yake kupika wali wa madereva hapo stendi. Mina alisimama pembeni na begi lake. Nami nilikuwa mlangoni mwa ofisi, sikusema neno. Hayo nitayarudia.

Nilidhani uongo wa Jumanne umepita. Jumatano wakati wa chai akanifuata Mwalimu Ausi, kijana, amepewa shule mwaka huu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanong'ona kwamba yeye ameelewa bila kuambiwa. Alishahesabu wa kwake: ishirini na watatu. Alinishukuru, akasema alikuwa hapati usingizi, sasa ameona njia. Nilikuwa na sambusa mdomoni. Sijamaliza kuimeza, Mwalimu Rukaya naye akaja kuniuliza kama si bora kuanza kuwapunguza mapema, darasa la nne, ili wazazi wasishtuke. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Kufika jioni, kwenye vikundi, jambo lenyewe lilikwishapata jina. Liliandikwa kwenye lile karatasi kubwa la ukutani kwa wino wa kijani, azimio la nne: kuimarisha msingi wa mwanafunzi kabla ya usajili. Jina tamu! Ukilisoma utadhani watoto wanajengewa nyumba. Na kwa kuwa mimi ndiye mfano, wakanipa mimi heshima ya kuyasoma maazimio siku ya kufunga, halafu yasambazwe shule zote themanini. Nikapiga hesabu pale pale, kaka. Kumi na saba, ishirini na watatu, zidisha kwa shule zote hizo. Nikakupigia simu. Ndiyo ile uliyoniambia mvua imenyesha kidogo.

Leo asubuhi nikasimama. Nikasoma la kwanza, la pili, la tatu, kwa sauti yangu nzuri ya paredi. Nilipofika la nne ulimi ukagoma. Ukumbi ukadhani nimepaliwa, mtu akaniletea maji. Nikayanywa yote, nikaweka bilauri chini, nikawaambia kwamba watoto wangu kumi na saba hawakuhama. Nikawaambia niliwatoa kwenye orodha mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, na kwamba asilimia mia yangu imepatikana kwa kuwaficha waliokuwa na shida ya kufundishwa. Nikamwomba radhi Mwalimu Abdulazizi kwa jina, kwa kumjibu uongo.

Loh! Sijui nikueleze vipi kelele zile. Mmoja akapiga meza akasema nimewavua nguo walimu wote mbele ya mabosi. Wengine waliinamia madaftari yao, na hao ndio walionitisha zaidi, kwa sababu walikuwa wengi. Afisa elimu alinyoosha mkono apewe kipaza sauti, lakini Mwalimu Abdulazizi alishasimama. Hakunikaripia. Aliniuliza wangapi kati yao wako shuleni leo. Nikamwambia kumi na wawili wapo, watano hawapo. Akaomba azimio la nne lifutwe na watu wanyooshe mikono. Ilinyooshwa, kaka, kwa shida, huku wengine wakitazama kwanza jirani amefanya nini. Ausi hakunyoosha. Lilifutwa kwa tofauti ya kura sita tu.

Mimi nimeagizwa niandike maelezo, yafike ofisini Jumatatu. Afisa elimu aliniambia pembeni kwamba nisitegemee kuendelea kuwa mwalimu mkuu. Sijalia kwa hilo. Nimelia, ndiyo, chooni, lakini si kwa hilo.

Sasa kaka, shika kiti ukae. Ukumbini nilisema mengi, lakini moja nililibakiza, kwa sababu lilikuwa lako kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Orodha yangu ya mwanzo ilikuwa na watoto kumi na sita. Ilipotoka, wazazi walikuja juu. Bi Mwanajuma alikuja na kanga kiunoni, amekusanya na majirani, akisema narudisha watoto wa maskini tu na wenye ndugu shuleni wanapita. Nikaogopa wasifike wilayani. Usiku kucha sikupata jibu, asubuhi nikalipata, na Mungu anisamehe kwa kulipata. Niliongeza jina la Mina. Nikatoka barazani nikawaambia hata damu ya kaka yangu, anayelala ndani ya nyumba yangu, nimemrudisha. Bi Mwanajuma alinipa mkono. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinaniita mwalimu asiye na upendeleo, na mimi nikalipokea jina hilo, nikatembea nalo.

Mina hakufeli. Mtihani wa kufunga mwaka wa darasa la sita alipata alama mia mbili thelathini na nne kati ya mia tatu, akawa wa sita katika watoto hamsini na wanane. Karatasi zake nilikuja nazo huku, nimempa Wahida akuletee pamoja na barua hii, zitazame kwa macho yako.

Na mwenyewe alijua. Hili ndilo linalonichoma. Aliniona nikijaza alama, aliijua nafasi yake. Akaja chumbani kwangu akaniuliza, bila kulia, shangazi mbona na mimi nimo. Nikamwambia ni kwa ajili ya heshima ya ukoo wetu. Nikamwapisha asikuambie wewe wala mama yake. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, nikamwekea msahafu mkononi. Basi ulipomwita jiwe mbele ya watu na akainamisha kichwa, hakuwa na kichwa kizito, kaka. Alikuwa ananifichia mimi. Na mwaka mzima huu, kila unapomsimanga kwamba hata kuhesabu sahani za wali hawezi, bado ananifichia.

Wewe uliacha shule ukashona makuti juani ili mimi nisome. Mimi nimemtoa mwanao shuleni ili nisifiwe. Sina jinsi ya kulipamba hilo, na wala sijaribu.

Usajili wa darasa la saba haujafungwa. Jina la Mina lipo kwenye orodha, nililiandika kabla sijaja huku, na Wahida atalisimamia niwepo au nisiwepo. Kama hutaki aishi kwangu, na sitakulaumu, Wahida ana chumba na amekubali. Kilichobaki ni wewe umruhusu. Lakini kabla hujamwambia habari za shule, mwite ukae naye, umwambie shangazi amemfungulia kiapo, anaweza kusema sasa. Umwombe radhi kwa yale uliyomwambia, kisha umwambie kwamba mimi naja Jumapili kuomba ya kwangu. Akisema hataki kuniona, usimkaripie. Nitakaa nje hapo stendi mpaka basi la kurudi.

Nisalimie watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Wifi Zuleha mwambie ana haki ya kunitukana, ila anibakizie na la kusema siku nyingine. Mungu akuzidishie subira, maana leo nimekuagiza nyingi.

Ni mimi mdogo wako,
Hafidha binti Mwinyimvua.