Mrija wa Kwanza

Lyulilo, Jumapili

Kwa kaka yangu Hezroni,

Mugonile, kaka. Natumaini hapo Ipyana mmeamka salama, wewe, shemeji na binti yetu Neema, na kwamba mvua za juzi hazikuuzamisha mpunga. Sisi tu wazima. Mke wangu Damari bado anafinyanga vyungu vyake. Mgongo unamsumbua ila mdomo uko imara, ananitawala vizuri. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Ulisema wakwe wa Neema wakija Jumamosi mimi, baba mdogo wa binti, ndiye nitakayevuta mrija wa kwanza wa kimpumu, kama ilivyo kwenye ukoo wetu, ili wageni wajue pombe ni salama. Nilipokukumbusha kwamba nimeokoka na pombe nimeacha, ulicheka, ukauliza huyo Mungu wangu ni dhaifu kiasi gani hata aangushwe na mrija mmoja. Swali hilo lilinikera.

Unanijua. Mimi ndiye niliyeng'oa mabati ya jiko la mke wangu nikayanywea. Sasa kanisani wananiita mfano. Mwezi jana kwenye msiba wa jirani walinisogezea mrija, nikakataa mbele ya watu wote, na mchungaji akalitaja jambo hilo ibadani. Asichojua ni kwamba katika kusukumana pombe ilimwagikia mkono wa shati langu. Nilirudi nikakaa nyuma ya nyumba, nikawa naunusa ule mkono wa shati, nanusa tena. Damari alinikuta hapo. Alinivua shati akalifua, kisha tukapiga magoti.

Kaka, kiu haijaisha. Nilishuhudia kanisani kwamba imeisha, na nilitamani iwe kweli. Kila asubuhi naomba nguvu ya siku hiyo, nami napewa ya siku hiyo, haibaki akiba. Mungu si dhaifu. Dhaifu ni mimi, ndiyo maana namng'ang'ania. Jumapili ijayo nitasimama niwaambie na washirika, ingawa naona aibu.

Sikatai kuja. Neema ni mwanangu. Naomba binamu yetu Amon avute mrija badala yangu, naye najua hatahitaji kubembelezwa. Mimi uniketishe karibu nawe. Ukiona nimenyamaza sana, nishike mkono, usiniulize kitu.

Damari anawasalimu, na shemeji apokee samaki wakavu niliompa Ambrose aliyeleta barua hii. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa. Nimemwomba Mungu nguvu ya Jumamosi, na kila nikiomba unanijia wewe, uliyekuwa ukinibeba mgongoni kutoka vilabuni huku ukinitukana njia nzima.

Mdogo wako,
Yotamu