Leo wanalitaka jina la Kipupwe

Jumapili usiku, Julai

Eti ni jina la kichifu! Kaka Amosi katoka Njombe mjini mpaka hapa Mahongole kunionyesha kwenye simu yake: ukoo wa Kipupwe ni adimu, nchi nzima hatufiki kumi. Anajivuna utafikiri uchache ni cheo. Babu alizaliwa mwezi wa saba, baridi ya kuumiza mifupa, wakamwita Kipupwe. Maana ni hiyo tu. Uchifu wa wapi, na sisi tumekua kwa viazi vya kuchemsha?

Kumbe ana shida. Kazaa mabinti watupu, jina linapotea, sasa anataka Daudi wangu alichukue. Daudi huyu huyu! Siku ya ubatizo, Amosi ndiye aliyesimama mbele ya wazee wa usharika akasema mtoto asiye na baba hapewi jina la ukoo. Nikampa langu, akaandikwa Daudi Tumaini.

Nilimimina chai, Daudi kakaa kando ya mjomba wake. Niliogopa mwanangu asije akalainika, maana anampenda mjomba wake.

Daudi akauliza taratibu, "Kwani mmebaki wangapi?"

"Tisa tu, mwanangu."

Leo ndiyo anamwita 'mwanangu'!

"Basi mnatosha, mjomba."