Daktari wa Kwetu Hayumo Kwenye Orodha

Saa 4:10 asubuhi. Najma rafiki yangu, Mama yuko kwenye machela, amevaa gauni la upasuaji, na bado tuko koridoni.

Unaijua ngiri yake. Leo utumbo umebanwa. Lazima apasuliwe sasa hivi.

Muuguzi amerudisha kadi zote mbili, ya mutuelle, mfuko wetu wa matibabu, na ya bima ya nyongeza. "Dada, docteur Muhindo mwenye atamupasua anapita tarif, bei ya mutuelle. Mutuelle inalipaka asilimia makumi munane ya bei yenye ilikubaliwa, hii ya nyongeza inamaliza ishirini. Ile ya juu, hapana."

Ile ya juu, hapana! Miaka mitatu ninalipia bima hiyo nikiamini ni ya hiyo hiyo ya juu.

Na daktari nilimchagua mimi. Mimi ninayesoma hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa! Sikutazama orodha ya madaktari wa mutuelle, kwa sababu yeye ni Mnande kama sisi, wa Butembo.

Nimemfuata ofisini, nikamwita kama mjomba. "Tonton, huyu iko mama yenu."

Akacheka. "Kwetu ni kwetu, binti yangu, lakini bei ni bei."

Mlango ulikuwa wazi, Mama amesikia kutoka koridoni. "Kyakimwa, turudie ku nyumba." Midomo yake imekuwa kijivu.

Saa 4:35. Nimeomba daktari yeyote wa kwenye orodha. Amekuja docteur Djafari, akabonyeza tumbo, kadi hakuitazama. "Iko mugumu hivi tangu saa ngapi?"

Sijui, Najma. Sikuandika saa.

Saa 4:52. Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Mlango umefungwa.