Ulipogonga Mara Tatu Ndani ya Mkia

Kaka yangu mpendwa,

Juzi tumemzika mama hapa Changamwe, na tangu hapo sina raha. Nina neno la kukuomba.

Unalikumbuka lile banda la Kipevu? Sisi maseremala wa vitanda na milango tukaambiwa tuunde ndege ya mbao ya kubebea askari wa vita, ya kutua majini, kubwa kuliko kanisa letu. Ulicheka hadi machozi. "Dude hili likiruka, mimi naoa binti wa gavana," ulisema.

Kwa kuwa ulikuwa mwembamba, kazi ya mkiani ikawa yako. Uliingia na kipande cha chuma, ukakiegemeza kwenye ubao, nami nikapigilia misumari kwa nje. Kifuniko cha tundu la kuingilia kilikazwa kwa skrubu za nje pia, na mwenye bisibisi ya kukifungua ni mimi. Ukigonga mara mbili, nipige msumari mwingine. Ukigonga mara tatu, nikutoe. Hakuna fundi aliyethubutu kumfungulia mwenza wa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya banda zima.

Asubuhi ile ulinikaripia mbele ya watu kwa msumari mmoja uliopinda. Nikanuna. Adhuhuri msimamizi akaja kutangaza kwamba vita vimekwisha na ndege haitamaliziwa. Watu wakatoka nje wakiimba. Ukagonga mara tatu. Nilisikia, kaka. Nikasema moyoni, mwache akae kidogo, atanijua. Nikaenda kucheza na wenzangu. Niliporudi, mvuke wa vanishi mbichi iliyopakwa mle mkiani ulikuwa umekumaliza.

Ndege ile waliikatakata baadaye, wakauza mbao. Jirani yetu alitengeneza mlango wake kwa mbao hizo. Kila anayebisha hodi kwake, mimi nasimama wima, natafuta bisibisi.

Mama aliniuliza mara moja tu, "Mwanangu, mwenzio alikufa peke yake?"

"La, mama. Nilikuwa nimemshika mkono."

Akamshukuru Mungu, akalala. Neno hilo ndilo lililomshikilia miaka yote hii.

Sasa amekuja huko uliko. Unamjua mama, atakukalisha chini, akuulize yote tangu mwanzo. Kukuomba msamaha siwezi, uso sina. Nakuomba hili tu: akikuuliza, mwambie nilikushika.

Kwaheri, kaka. Mpokee vizuri.

Mdogo wako wa tumbo moja