Tundu Ulilotoboa Halizibwi

Shangazi yangu Tatu,

Ijulikane kwa watu wote wa Temeke, wenye nyumba na wapangaji, wenyeji na wageni, pamoja na kuku wao, kwamba tundu lililopo kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya marehemu baba, lenye upana wa kisahani cha kahawa, halitazibwa. Si kwa udongo, si kwa chokaa, si kwa gunia. Mwenye neno aseme sasa.

Kibwana kasema. Ndugu yangu huyu uliyembeba mgongoni siku hizi ni karani bandarini, ana kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Juzi alikuja na ndoo ya udongo, kaukanda mwenyewe, suruali kaikunja mpaka magotini.

"Karani, unataka nini?"

"Dada, Zuhura yuko ndani tangu wiki iliyopita. Mwali hawekwi kwenye nyumba yenye tundu. Watu bado wanakumbuka."

Nikamwambia wakikumbuka ndiyo vizuri. Nikaimwaga ndoo, nikaigeuza, nikaikalia.

Zuhura ni mwanangu, Shangazi, hukumwahi. Kavunja ungo mwezi uliopita, na zamu yake imefika ya kukaa gizani mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Zamu yangu unaijua, maana mlinzi wangu ulikuwa wewe. Ulinipa mkeka, mtungi wa maji na sheria tatu: nisicheke kwa sauti, nisiitike nikiitwa, nisionwe na mwanamume yeyote. Kisha wewe mwenyewe ukaketi pembeni yangu ukaanza kumwiga jumbe wetu anavyokohoa kabla ya kusema uwongo. Sheria ya kwanza ilivunjika kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa na mwezi wa tano ndani zilipokuja habari za ndui. Ilianzia Mbagala. Wanawake waliotoka huko na mihogo waliuza wakiwa wamefunika nyuso, na watu wakanunua mihogo wakiogopa nyuso. Serikali ikamleta mchanjaji, mtu wa bara, kaptula imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na kisanduku cha vichupa nyuma ya baiskeli. Mji mzima ukajipanga kwa jumbe. Wewe hukwenda, kwa kuwa mlinzi wa mwali hamwachi mwali peke yake mchana.

Nilikusikia ukibishana na baba nyuma ya pazia.

"Mwali hatoki," alisema baba, "na mwanamume haingii. Tena huyu yuko ndani, ndui itampatia wapi?"

"Maji yanaingia, kaka. Chakula kinaingia. Mie naingia na kutoka. Ndui ikose njia, imekuwa mgeni wa heshima?"

"Nimesema."

"Nimesikia."

Kusikia kwako, Shangazi, hakukuwahi kuwa kutii. Alasiri ile baba alipokwenda msikitini ulichukua mchi ukautwanga ukuta, katikati ya fito na fito. Udongo ukaangukia mtungi wangu wa maji. Mwanga ukaingia kama mtu asiyebisha hodi. Mchanjaji alikuwa akipita akitoka kwa jumbe; ukaweka mdomo kwenye tundu.

"We Bwana Sindano! Pita huku nyuma, kwenye mihogo!"

Nikasikia baiskeli ikiburutwa. "Mgonjwa yuko wapi, mama?"

"Hatuna mgonjwa. Ndiyo maana tumekuita."

"Mtu mwenyewe basi?"

"Mtu haonekani. Mkono huu hapa."

Ukanisukuma bega, nikatoa mkono. Watu huniuliza kama sindano iliuma. Sikumbuki. Nakumbuka jua. Miezi mitano sijaliona, nikaligusa kwanza kwa vidole.

"Mimi nimechanja wengi," alisema yule bwana, "lakini ukuta ndio leo." Kisha nikasikia vichupa vikigongana. "Mama, dawa iliyobaki ni ya mtu mmoja. Wewe umeshachanjwa?"

"Bado."

"Sasa nimchanje nani?"

Nilikuwa nimeshaanza kurudisha mkono ndani. Ukaushika kiwiko, ukausukuma tena nje.

"Mimi ngozi yangu imekuwa ya ngoma, utavunja sindano bure. Mchanje huyo. Mie utanichanja ukirudi."

"Niandike jina gani?"

"Andika Mkono."

Akarudi siku ya nane kutazama kama chanjo imeshika. Nikatoa mkono, akakuta lengelenge limejaa sawasawa, akasifu kama mtu anayesifu embe lake. Nilikusikia ukimwuliza, "Na yangu?" Akasema dawa haijafika kutoka mjini, labda wiki ijayo. Ukasema, "Haya." Mpaka leo neno hilo silipendi.

Siku hiyo hiyo jirani alikuwa mihogoni anatafuta mbuzi wake, akauona mkono. Ikaitwa baraza. Nilisikiliza yote kwa tundu, na sijasikia tena wazee wenye akili wakifanya kazi ngumu namna ile. Shauri lilikuwa: je, mwali akionwa mkono, ameonwa? Mmoja akasema mkono si mtu. Mwenziwe akamwuliza, "Mkono ukiiba kuku, anafungwa nani?" Wakamfikiria kuku muda mrefu. Mwishowe wakaamua mwali ameonwa, na wewe utoe mbuzi.

"Mbuzi mzima?" ukauliza. "Nyie mmeona mkono mmoja. Chukueni mguu mmoja."

Hata baba alicheka. Alijifanya anakohoa, lakini mie nilimsikia.

Wiki ijayo ya mchanjaji haikufika. Ndui ilifika. Ilipiga nyumba ya pili, ikapiga ya jirani mwenye mbuzi, kisha asubuhi moja hukuniletea uji. Wakaja watu wa afya wakakubeba kwa kitanda cha kamba kukupeleka kwenye vibanda vya wagonjwa porini, njia ya Mbagala. Mie mwali, sitakiwi kutoka, nikaweka jicho kwenye tundu nikaona miguu ya wabebaji na ncha ya kanga yako. Nikasikia sauti yako, nzito kama iliyojaa pamba: "Msilizibe lile tundu. Mtoto anapata hewa."

Hukurudi.

Ndipo yakaanza maneno, na ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Wakasema umekufa kwa sababu ulivunja mila ya mwali. Wamesema mazishini, wamesema arobaini, na juzi Kibwana kayasema na udongo mkononi. Sasa naandika, na barua hii nitaisoma kwa sauti barazani, asiyetaka kusikia ahamie Kipawa. Mila haitoi vipele. Ndui ndiyo hutoa. Kama aliyetoboa ukuta ndiye wa kufa, kwa nini alikufa yule bibi wa nyumba ya pili, aliyefuata mila zote, mpaka za majirani? Na kwa nini mie niliyetoa mkono nje naandika? Uliugua kwa sababu dawa ilikuwa ya mmoja na ulimjua huyo mmoja ni nani. Anayetaka kuniletea sababu nyingine kwanza anioneshe kovu lake, nami nimwoneshe langu.

Wanauliza pia mwanamke asiyekwenda shule kajulia wapi kuandika. Kwa tundu hilo hilo. Kibwana alikuwaga akikaa nje chini yake kukariri masomo, kwa kelele, maana bila kelele hayakumwingia. Mie ndani nikichungulia ubao wake na kuchora herufi sakafuni kwa mkaa. Yeye akipigwa kwa kuzisahau, mie nikizifuta kwa wayo nisionekane nazo. Na huyo ndiye mwenye ndoo ya udongo!

Sasa sikiliza ya jana. Wamesema ndui imeonekana Ubungo, na wachanjaji wamekuja kwa lori. Kibwana akasema Zuhura angoje mpaka atolewe. Nikamwambia, "Nimesikia."

Nimempitisha mlango wa mbele, Shangazi. Mchana, njia nzima inatazama, kanga imeshuka begani.

"Jamani, si mwali huyo?" akapaza sauti mama muuza vitumbua.

"Ndiye. Mtazame vizuri, ana mikono miwili."

"Na ngoma yake je?"

"Ngoma ipo na pilau lipo. Anayeona mwanangu kaharibika asije kula."

Hakuna aliyesema hatakuja. Zuhura akachanjwa, hakukunja uso. Nami nikachanjwa tena, bega la pili. Nilipogeuka nikamwona Kibwana kwenye mstari nyuma yetu, mkono wa shati umekunjwa, macho kayafumba, na sindano bado iko mbali watu sita. Sikumsema. Kidogo tu.

Nilisubiri dawa iishe kabla ya kufika kwetu. Haikuisha. Vichupa vilibaki vimejaa sandukuni, Shangazi, nikavitazama mpaka mchanjaji akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Pumzika ulipo, na kama huko nako kuna baraza la wazee, nawaonea huruma. Huku mie nipo, na tundu lako lipo, na mkono wa mtu usilisogelee.

Ni mie, mwali wako.

Barua nilikuwa nimeshaikunja. Mvua ya leo asubuhi imeangusha ukuta wa nyuma, wote; sasa Kibwana azibe nini?