Kofia Yako ya Kahawia

Nabwire mwanangu,

Nimekalia kile kigoda chako cha jikoni, kile chenye mguu mmoja mfupi ulichosema utakiletea fundi. Bado kinayumba. Unajua mimi si mtu wa kalamu. Darasa la nne ndilo lilikuwa mwisho wangu, na hata huko nilikuwa naenda na mtoto wa shangazi mgongoni. Ukiona mahali nimekosea, pita tu, kama vile ulikuwa unapita ukinisaidia kusoma meseji. Zaituni anasema nikimaliza ataibandika barua hii mlangoni mwa duka lake, wanawake waisome wakingoja kupimiwa vitambaa. Nimekubali. Nilikuzika nikiwa na maneno mengi kifuani. Wacha yatoke mahali watu wanaona.

Unakumbuka zile kofia zilivyokuja? Nilinunua belo la mitumba nikiambiwa ni nguo za watoto. Tukalikata pale sokoni Busia, mimi na wewe, na Josefa wa viazi akichungulia kutoka meza yake. Zikatoka kofia. Kofia tupu! Za harusi za wazungu, zenye maua, zenye manyoya, moja ina ndege mzima wa kitambaa juu. Nilikaa chini nikalia. Nani Busia atavaa ndege kichwani? Wewe ulikuwa msichana bado. Ukaichukua ile ya ndege, ukaivaa, ukatembea katikati ya soko ukipungia watu mkono, mpaka wale wabadilishaji pesa wakasahau wateja wao wakacheka.

"Mama, wacha kulia," ukaniambia. "Kama hazinunuliwi, tuzivae."

Hivyo ndivyo kikundi chetu kilianza. Jumapili moja kila mwezi, baada ya kanisa, kila mtu na kofia yake, tunatoka. Mama anayeuza viazi wiki nzima na kitambaa cha jasho kichwani, siku hiyo ni mtu mwingine. Zaituni naye akaja, akaweka yake juu ya mtandio, akasema Mungu anaona yuko ndani ya sheria zote mbili, ya dini yake na ya kikundi. Watu wa boda walitusumbua, unakumbuka? "Kina mama, harusi iko wapi leo?" "Mathe, hiyo ni kofia ama ni antena? Inashika Uganda?" Na Josefa hakuwa anaacha neno lianguke chini: "Inashika hadi kwa mama yako, anasema urudi nyumbani ukaoge!"

Tulienda hospitali ya Nangina kumwona mwenzetu aliyelazwa. Yule mama hakuwa ameketi siku nne. Alipoona kofia tano zinaingia mlangoni zikipigana kwa nafasi, alicheka mpaka akaketi. Wewe ulimvalisha yako. Nilijivunia wewe siku hiyo, Nabwire, na sikukuambia. Sisi hatukufundishwa kuambia watoto mambo kama hayo.

Sasa nifike kwa sheria, maana sheria ni yangu.

Josefa alipozika mzee wake, walimnyoa kama ilivyo desturi. Akakaa ndani, mwishowe tukamvuta tukamwambia njoo, kofia itakufunika. Tulipokuwa tunakunywa chai mmoja wetu akamvua kwa mzaha, akaona kipara, akaangua kicheko kabla hajakumbuka. Josefa akainamia chai yake. Machozi yakaingia kwa kikombe. Mimi nikasimama nikawa mkali: kuanzia leo, kofia ya mwenzako ni kama chumba chake cha kulala. Huingii. Hushiki, huvui, huulizi kuna nini chini yake. Itavuliwa nyumbani kwa mwenyewe. Wote wakasema sawa, na wewe ukanipigia makofi.

Niliitunga kwa huruma. Mungu ni shahidi.

Ukaolewa Malaba na yule ejenti wa kupitisha mizigo mpakani. Kijana safi, viatu vinang'aa hata wakati malori yametifua vumbi barabara nzima. Alikuwa ananiita mama kwa adabu, akiongea nami anainamisha kichwa. Nilifurahi. Nani hangefurahi? Baadaye ukaacha kuja matembezi, karibu mwaka mzima. Nikipiga simu unasema kazi ya nyumba, mtoto, homa. Nikajiambia ndoa ndiyo hiyo, imemshika.

Halafu Jumapili moja ukashuka kwa boda mbele ya kanisa, mtoto wako Neema mgongoni, na kofia kubwa ya kahawia, ukingo wake mpana kama ungo, utepe wa buluu. Nilikimbia kama msichana! Josefa akauliza, "Na mume amekuruhusu?" Ukasema, "Yeye mwenyewe ndiye amenichagulia kofia."

Nikawageukia wenzangu nikawaambia, mnaona? Kuna wanaume, na kuna mume.

Mwanangu, niliyasema haya kwa mdomo wangu.

Ulikuwa unaivaa imeshuka upande wa kushoto. Zaituni alisema ndivyo wanawake wa majarida wanavyovaa. Nami nilianza kuvaa yangu hivyo hivyo, kwa kukuiga.

Safari ya Port Victoria, kule ziwani, ndiyo hainiachi. Tulikodi gari, tukafika samaki wakiwa wanatolewa kwa mashua. Tukakaa nje, tukaletewa samaki wa ngege na ugali wa mihogo. Upepo wa ziwa ulikuwa mwingi, kila mtu anashika kofia huku anakula. Wewe uliishika kwa mikono miwili na hukula. Samaki akapoa. Neema anakuvuta, "Mama nipe," na wewe mikono iko juu tu. Mimi nikaona huyu mtoto atalala njaa kwa sababu ya upepo. Nikaja nyuma yako, nikasema, "Wacha nikufungie," nikaibonyeza ile kofia kwa nguvu mpaka ikashika.

Ulilia "aai!" Sauti ndogo. Meza yote ikageuka.

Nikakuambia, "Kwani kichwa chako kimekuwa cha mtoto mchanga?"

Ukasema, "Ni msuko, mama. Walinikaza sana."

Wote wakacheka, Josefa akaanza hadithi ya msusi wake. Mimi niliona jasho juu ya mdomo wako na kulikuwa na baridi. Niliona. Sitajidanganya ati sikuona. Mkono wangu ulienda kwa ukingo wa kofia, nikataka kuinua kidogo tu, nichungulie. Nikakumbuka sheria yangu. Nikaona aibu kuivunja mbele yao, mimi niliyekuwa mkali hivyo. Nikarudisha mkono nikakuchambulia samaki, nikakulisha kama vile nilikulisha ukiwa mdogo. Ulikula kutoka kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilikulisha.

Wiki tatu baadaye mume wako ndiye alinipigia simu. Akasema umeanguka bafuni, sakafu ilikuwa na sabuni. Sauti yake ilikuwa ile ile ya adabu.

Mimi na Josefa tulikuosha. Sitaandika yote, kwa sababu Neema siku moja atajua kusoma. Lakini kichwa chako hakikuwa na msuko, Nabwire. Nywele ulikuwa umezikata mwenyewe na makasi, vipande vipande. Kulikuwa na kovu limezeeka, na lingine jipya, na moja upande wa kushoto juu ya sikio. Hilo la kushoto nilijua ni la lini. Nililiwekea kidole. Ndipo nilikuwa nimebonyeza.

Yeye hakungoja mazishi, alitoroka. Nimeandikisha maneno yangu polisi, naambiwa nirudi, narudi. Mpaka wetu unaujua, mtu anapanda boda huku anashuka nchi nyingine, na njia za panya ni nyingi kuliko panya wenyewe. Siku zingine naenda kusimama pale malori yanapopanga foleni, natazama miguu ya watu. Natafuta viatu vinavyong'aa.

Neema yuko nami. Anakula vizuri. Usiku nampapasa kichwa akilala, kila usiku, kichwa chote, kama mtu anayechagua nyanya. Amezoea. Ananiita Kuku, kama wewe ulivyokuwa ukimwita mama yangu, na nikichelewa ananiambia, "Kuku, hujanishika kichwa."

Jumapili iliyopita wenzangu walikuja kunichukua. Tangu tukuzike hatukuwa tumetoka. Nilikataa, Josefa akasema, "Dada, ukikaa humo ndani tutakuzika wa pili." Nikavaa yako ya kahawia, nikaenda. Tulikaa mahali petu pa chai. Chai ikaja, mandazi yakaja, hakuna aliyekuwa na mzaha. Nikasimama.

Nikasema, "Sheria niliitunga mimi, na mimi ndio naivunja. Leo tunavua. Kila mwezi tukikutana, kwanza tunavua, tunaonana, halafu tunavaa tunaenda."

Nikavua ile yako. Zaituni akavua yake, akaingiza kidole chini ya mtandio, akaurudisha nyuma mpaka tukaona paji la uso na masikio yote mawili. "Mnaona?" akasema. "Ni uzee tu." Josefa akavua, mvi tupu, hajasuka, akasema atakayecheka atalipa chai ya wote. Tukacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu wewe.

Mmoja hakuvua. Simtaji jina, wewe unamjua, ni yule mdogo aliyekuja mwaka jana, mwenye ile kofia ya maua meupe. Alishika ukingo kwa mikono miwili. Chai yake ikawa inapoa.

Nilijua ile mikono, Nabwire. Nilikuwa nimeiona Port Victoria.

Sikumvua. Nilienda nikakaa karibu naye, nikachukua andazi, nikamkatia kipande, nikamlisha. Alitafuna akiwa ananitazama. Halafu akanong'ona, "Mama, nikiivua nitarudi wapi?" Nikamwambia, "Vua kwanza. Hayo mengine si yako kubeba peke yako." Akavua.

Hakuna aliyelia kwa sauti. Zaituni aliinuka akafunga mlango wa mkahawa, akamwambia mwenye mkahawa asubiri.

Mahali alipo sitaandika hapa, kwa sababu mlangoni kwa Zaituni husoma macho ya kila aina. Hayuko kwangu. Leo asubuhi mume wake alikuja. Nilikuwa nafagia nje. Kijana wa heshima, kapiga pasi, amenisalimia vizuri, kainamisha kichwa. "Shikamoo mama. Namtafuta bibi yangu. Mliketi naye juzi." Neema alikuwa nyuma ya sketi yangu. Niliogopa, sitakudanganya, lakini nikaendelea kufagia pale pale.

Nikamwambia, "Tulimwona."

Akasema, "Ndiyo, mama, lakini yuko wapi?"

Nikarudia, "Tulimwona. Sisi wote. Kichwa chote."

Heshima yake ikaisha hapo hapo, kama taa imezimwa. Alinitazama, akatazama barabara, akaona Josefa anakuja na gunia la viazi na wanawake wengine wawili, akaondoka bila kwaheri. Atarudi. Najua atarudi. Nimemwambia Josefa alale kwangu wiki hii, na rungu la babu yako nimelitoa darini.

Nilikuwa na neno hilo moja la kukuambia wewe, kwamba nimekuona, na nimelisema kwa mume wa mwingine. Ningekuambia siku ile, na samaki akiwa mkononi, upepo ukivuma, wenzangu wakinitazama, ungekuwa unasoma barua hii ukicheka makosa yangu. Nisamehe kwa mkono uliobonyeza. Zaidi nisamehe kwa mkono ule niliorudisha.

Kofia yako naitundika msumarini, mahali Neema hafiki. Akikua akaiuliza, nitamwambia yote. Lala, mtoto wangu. Kigoda nitakitengeneza mwenyewe.

Ni mimi mama yako, kichwa wazi.